Kufunga na Kuomba kwa Mara ya Kwanza: Mwongozo kwa Mkristo Anayeanza

Kila Januari inapokaribia, makanisa mengi ya Dar es Salaam yanapotangaza maombi ya kufunga ya kuufungua mwaka, maswali yale yale hunirudia. Je, maji yanaruhusiwa? Nikisinzia mchana, mfungo umeharibika? Nikipitiwa nikala andazi, nianze upya? Ninafundisha darasa la waumini wapya katika usharika wetu, na maswali haya nimeyajibu mlangoni baada ya ibada, kwenye simu usiku, hata nikiwa nimesimama ndani ya daladala. Nimeona heri niyaandike majibu mahali pamoja, kwa kufuata mwendo wa siku moja ya mfungo, tangu maandalizi hadi chakula cha kufungulia.

Kabla ya yote, naomba ulishike hili: unafunga ili upate nafasi ya kuomba. Mtu aliyekaa bila chakula tangu alfajiri hadi jioni, na hakutenga hata nusu saa ya kupiga magoti, ameshinda na njaa tu. Ndiyo maana mwongozo huu unazungumzia saa za maombi kuliko unavyozungumzia vyakula.

Nalisema hili kwa uchungu wa mtu aliyelipitia. Nilipokuwa kijana niliamua kufunga siku tatu kavu, bila chakula wala maji, mwezi wa Februari, bila kumwambia mtu. Siku ya pili mchana miguu iliniishia nikiwa kituoni Ubungo. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maji na biskuti alinikalisha kwenye ndoo yake iliyofunikwa, akanikorogea sukari kwenye kikombe, akanishikilia kichwa nikanywa kidogo kidogo. Nilipotulia nikagundua kwamba kwa siku zote mbili sikuwa nimeomba hata nusu saa, kwa sababu nguvu zangu zote zilikuwa zimekwisha katika kupigana na kiu. Sitaki upite njia hiyo.

Nani asifunge chakula

Usiache chakula ikiwa una mimba au unanyonyesha, una kisukari, unatumia dawa za kifua kikuu, za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, za kifafa au za shinikizo la damu, una vidonda vya tumbo, umewahi kuwa na tatizo la kujinyima chakula, au ndiyo kwanza unatoka kitandani baada ya malaria au upasuaji. Mweleze daktari wako nia yako, umsikilize. Dawa haziachwi kwa sababu ya mfungo, na mtu yeyote anayekuambia uache dawa ili uonyeshe imani, awe na cheo gani kanisani, usimfuate. Watoto nao wasifungishwe.

Kama umo katika kundi hili, hukuachwa nje. Danieli na wenzake walikula mboga na kunywa maji siku 10, na baadaye, katika sura ya 10 ya kitabu chake, Danieli alikaa wiki tatu bila kula chakula kitamu, nyama wala divai, huku akiendelea kula. Unaweza kuacha nyama, soda na vitamu, au kuacha televisheni na mitandao ya simu, ukautumia muda huo kuomba.

Mambo ya kuandaa

Uwe na Biblia, daftari na kalamu; chupa ya maji ya lita moja na nusu utakayoijaza tena; mahali utakapoombea; mtu mmoja anayejua kwamba unafunga, awe mwenzi wako, mzee wa kanisa au rafiki wa jumuiya; na chakula cha kufungulia ambacho umekwisha kukinunua. Hilo la mwisho watu hulidharau, halafu jioni njaa huwapeleka moja kwa moja kwenye banda la chipsi.

Hatua kwa hatua

1. Andika kusudi moja. Ezra alipotangaza mfungo penye mto Ahava (Ezra 8:21-23), aliomba jambo lililo wazi: safari njema kwa ajili yao, watoto wao na mali zao. Kanisa la Antiokia lilifunga na kuomba wakati wa kuwatenga Barnaba na Sauli kwa kazi waliyoitiwa (Matendo 13:2-3). Nawe andika sentensi moja kwenye daftari: toba kwa jambo fulani, ugonjwa wa ndugu, uamuzi wa kazi au ndoa, au kumtafuta Mungu tu bila haja nyingine. Nimewaona waliokuja na orodha ya mambo 20. Hadi saa 5 asubuhi walikuwa wamechoka, na hawakumbuki walikuwa wamefika namba ngapi.

2. Chagua aina na muda wa mfungo. Kwa waliokulia mwambao, neno kufunga huleta mara moja picha ya Ramadhani: alfajiri hadi magharibi, bila maji, kwa mwezi mzima. Majirani zetu Waislamu wana utaratibu wao, na tuuheshimu. Biblia kwa upande wake inatoa mifano mbalimbali ya mfungo, na Wakristo hatufungwi na saa moja inayotulazimu sote. Esta na Wayahudi wa Shushani hawakula wala kunywa siku tatu, lakini huo ulikuwa mfungo wa watu waliokwisha kuandikiwa kuuawa. Usiuchukue kuwa mahali pa kuanzia. Anza hivi: mara ya kwanza na ya pili, acha kifungua kinywa, funga hadi saa 7 mchana. Mara ya tatu, nenda hadi saa 9 alasiri. Ukiona mwili umekubali, funga siku moja, saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, huku ukinywa maji. Katika miezi yako ya kwanza usivuke hapo. Ikiwa wewe ni Mkatoliki, Kanisa limekuwekea kufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 59, kwa mlo mmoja kamili na viwili vidogo ambavyo kwa pamoja havifikii mlo kamili, na kutokula nyama kwa kuanzia miaka 14, anzia hapo. Wa makanisa mengine, muulize mchungaji wako desturi ya kwenu.

3. Chagua siku yako kwa busara. Wakristo wa vizazi vya mwanzo walizoea Jumatano na Ijumaa, na mpaka leo siku hizo zinafaa. Usianze siku una harusi ya ndugu, una zamu ya usiku, unahamisha vyombo, au unapaswa kusimama juani Kariakoo kutwa nzima. Joto la Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi hutoa jasho hata kwa mtu aliyekaa kivulini, na hapo ndipo ninaposema kwa msisitizo kwamba anayeanza asifunge kavu.

4. Andaa mwili siku mbili kabla. Kama umezoea chai ya rangi vikombe vitatu, kahawa, au vinywaji vya kuongeza nguvu, punguza polepole, kwa sababu kichwa kinachokuuma saa 4 asubuhi siku ya mfungo mara nyingi kinadai chai. Usiku wa kuamkia mfungo kula chakula cha kawaida kinachokaa tumboni, kama ugali wa dona, mboga za majani na samaki au maharage, na maji ya kutosha. Usile kana kwamba unaagana na chakula. Anayejaza tumbo usiku huamka na njaa kali kuliko aliyekula kiasi.

5. Safisha njia na watu. Sura ya 58 ya Isaya ndiyo sura ninayowasomesha wote kabla ya mfungo wao wa kwanza. Watu wale walimlalamikia Mungu kwamba wamefunga na haoni, naye akawajibu kwamba siku yao ya kufunga walikuwa wakigombana na kuwaonea watenda kazi wao. Lilete jambo hili nyumbani kwako. Je, dada wa kazi amelipwa mshahara wake wa mwezi uliopita? Fundi aliyekutengenezea kitanda anakudai? Mna wiki mbili hamsemezani na shemeji yako mnayeishi naye? Jioni ya kabla ya mfungo lipa, piga simu, omba radhi. Kama fedha haipo, nenda ukamwambie mwenye haki yake lini utamlipa. Dada mmoja katika darasa letu aliahirisha mfungo wake kwa siku tatu hadi alipomaliza deni la msichana wa kazi, na ninaamini mfungo wake ulikuwa umekwisha kuanza siku alipoahirisha.

6. Panga saa za maombi na uziandike kama unavyoandika miadi. Kwa mtu anayeishi Mbagala na kufanya kazi Posta, utaratibu kama huu unawezekana: saa 10:30 alfajiri, nusu saa nyumbani kabla ya kuoga; njiani, Zaburi moja iliyokaririwa, unaitafakari kimya foleni inapokwama; saa 7 mchana, robo tatu ya saa iliyokuwa ya chakula; saa 11:30 jioni au mara ufikapo nyumbani, nusu saa ya kufungia siku. Hii inakaribia saa mbili kwa jumla, nazo zinamtosha anayeanza.

7. Omba kwa mpangilio ili usipotee. Anayeanza huniambia kwamba baada ya dakika tano maneno yamekwisha. Gawa nusu saa yako: dakika 5 za shukrani kwa mambo unayoyataja kwa majina yake, dakika 5 za toba, dakika 10 za kusoma fungu la Biblia polepole na kuligeuza kuwa sala, dakika 5 za kuombea kusudi lako na 5 za kuwaombea wengine. Zaburi ya 51 inafaa kwa toba, ya 103 kwa shukrani. Soma mstari, simama, mwambie Mungu mstari huo kwa maneno yako mwenyewe. Maneno yakiisha, kaa kimya. Ukimya mbele za Mungu nao ni maombi.

8. Tafuta mahali panapofaa. Wengi wetu tunaishi chumba kimoja katika nyumba ya kupanga, watoto wamelala sakafuni, na ukuta wa jirani hauzuii hata kikohozi. Mkumbuke Hana katika 1 Samweli sura ya 1: alikuwa amekataa chakula kwa huzuni, akaomba midomo ikitikisika bila sauti kusikika, na Mungu akamsikia. Huhitaji kupaza sauti saa 10 alfajiri na kuwaamsha wapangaji wenzako. Kwa wanaofanya kazi katikati ya jiji, kanisa la Azania Front na lile la Mtakatifu Yosefu yako karibu karibu upande wa bandari. Ukikuta milango iko wazi mchana, ingia, keti benchi la nyuma. Ukishindwa kote, keti chini ya mti na Biblia yako.

9. Jitunze mbele za watu. Yesu alifundisha kwamba anayefunga apake mafuta kichwani na kunawa uso, ili kufunga kwake kuonekane na Baba aliye sirini (Mathayo 6:16-18). Kwa hiyo oga, jipake mafuta, vaa nguo safi, piga mswaki, na usukutue tena mchana kwa sababu kinywa kitupu hutoa harufu. Wenzako wakikuita kwa mama lishe, jibu, "Asanteni, leo nitakula jioni." Jibu hilo ni la kweli na halitangazi kitu. Mgeni akikutembelea, mkaribishe ale. Usiweke picha wala maneno ya mfungo wako kwenye simu. Yule mtu mmoja uliyemwambia hayumo katika katazo hili, kwa maana yeye yupo kwa usalama wako.

10. Vuka saa 8 hadi saa 10 kwa akili. Hapa ndipo wengi hukatia. Njaa huja kwa mawimbi. Hupanda, hukaa kitambo, halafu hushuka yenyewe. Kunywa maji nusu glasi, simama, tembea kidogo kivulini, zima data ya simu, soma fungu fupi. Kila wimbi likija, ligeuze kuwa ukumbusho wa kusudi lako: sema sala ya sentensi moja tu, kisha rudi kazini. Kazi ya mwajiri ifanywe kwa ukamilifu siku hiyo, tena isiwe nusu nusu kwa kisingizio cha mfungo. Kama unaendesha bodaboda, bajaji au mashine, na unaona mikono inalegea, simama na ufungue.

11. Fungua kwa adabu. Anza na sala fupi ya shukrani, kisha maji glasi moja, kisha kipande cha tikiti maji, papai au ndizi mbivu, au kikombe cha uji mwepesi usio na sukari nyingi. Ngoja dakika 20 hadi 30. Baadaye kula chakula laini kwa kiasi: wali na mchicha, viazi vya kuchemsha, mtori au supu isiyo na mafuta mengi. Chipsi mayai, nyama choma, pilipili na soda ya baridi juu ya tumbo tupu vitakukesha kwa kiungulia.

12. Toa ulichokiacha. Isaya 58:7 inamtaka afungaye amgawie mwenye njaa chakula chake. Ile shilingi 2,000 au 3,000 ambayo ungeila kwa mama lishe, iweke kwenye bahasha, uimalize wiki hiyo hiyo kwa mtu mwenye uhitaji unayemjua. Kisha, kabla ya kulala, andika mistari mitatu katika daftari: uliomba nini, fungu gani lilikugusa, ulishindwa wapi. Mfungo ujao utaanzia hapo.

Onyo ninaloomba lisisahaulike

Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili ya zaidi ya watu 400, wakiwemo watoto, waumini walioambiwa na kiongozi wao wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Walikuwa watu wanaosali, wanaoimba nyimbo tunazoimba. Basi ujue alama za hatari: kiongozi anayekukataza kwenda hospitali, anayekutenga na ndugu zako, anayekataza kufungua hata mwili unapozimia, au anayedai fedha ili mfungo wako "upokelewe". Ukiiona hata moja, ondoka, na umwambie mtu wa familia yako siku hiyo hiyo.

Ukikwama

Kichwa kinauma. Kunywa maji, pumzika penye hewa. Usimeze diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini tumbo likiwa tupu, kwa kuwa zinaumiza kuta za tumbo. Maumivu yakizidi, kula kwanza.

Kizunguzungu, kutetemeka, jasho la baridi au macho kufifia. Mfungo wa leo umekwisha. Keti, kunywa maji yenye sukari au juisi, kisha kula kidogo, na umpigie simu yule mtu wako. Dalili zisipopoa, nenda kituo cha afya. Hujamkosea Mungu.

Tumbo linawaka kama moto. Fungua kwa uji, na usifunge chakula tena hadi upimwe vidonda vya tumbo.

Umesinzia katikati ya maombi. Simama, omba ukitembea chumbani, au nawa uso. Ukiona kila mara unalala, mwili unadai usingizi wa usiku. Usipange mkesha na mfungo kwa siku moja.

Umepitiwa ukala. Tema kilichomo mdomoni kama ungependa, kisha endelea. Huu ni mfungo wa hiari mbele za Baba anayeijua nia yako. Aliyekula kwa kusahau hana deni la kuanza upya.

Akili inatangatanga kwenye kodi ya nyumba na ada za watoto. Iandike hofu hiyo kwenye daftari, iombee palepale, kisha rudi kwenye kusudi lako.

Una hasira na kila mtu. Hili huwapata wengi. Punguza maneno, na ukimkaripia mtoto au msaidizi wa kazi, mwombe radhi kabla ya saa yako inayofuata ya maombi.

Mwenzi wako hakubali. Zungumzeni kabla ya siku. Paulo aliwaagiza wanandoa wasinyimane isipokuwa kwa kupatana kwa muda, ili wapate nafasi ya kusali (1 Wakorintho 7:5). Mke anayefunga bila kusema, halafu chakula cha watoto kikachelewa, au mume anayekataa chakula alichopikiwa bila kueleza, huanzisha ugomvi ambao mfungo hautauponya.

Umefunga na ulichoomba hakikutokea. Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, nami hulijibu kwa kufungua 2 Samweli sura ya 12. Daudi alifunga, akalala chini usiku kucha akimwombea mtoto wake mgonjwa. Siku ya saba mtoto akafa, na watumishi waliogopa hata kumwambia. Alipojua, aliinuka, akaoga, akajipaka mafuta, akabadili mavazi, akaingia nyumbani mwa Bwana akasujudu; kisha akarudi kwake, akaagiza chakula, akala. Tunaweza kukaa na mtu huyo kwa muda mrefu, kwa maana mimi mwenyewe nimemwombea ndugu aliyelazwa nikamzika wiki iliyofuata, na sura hiyo ndiyo iliyonipa ruhusa ya kurudi mezani.

Unataka kurudia mapema. Acha wiki moja ipite kati ya mfungo na mfungo katika mwezi wa kwanza. Ukifikia kutaka siku tatu mfululizo, mwone kwanza mchungaji wako na mtu wa afya, kila mmoja kwa sehemu yake, na uende na daftari lako ili waone ulikotoka.